Si mlipuko: Jina lililotupotosha kuhusu mwanzo wa ulimwengu na chanzo cha uhai

JIONI ya Machi 28, 1949, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyeitwa Fred Hoyle alitoa mhadhara mfupi katika redio ya BBC. Aliwaeleza wasikilizaji wa kawaida nadharia mbili zilizokuwa zikishindana kuhusu ulimwengu. Ya kwanza ilikuwa yake na wenzake wawili, Hermann Bondi na Thomas Gold, waliyoitangaza mwaka uliotangulia: kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, umekuwapo daima na utakuwapo daima. Ya pili ilikuwa ya wapinzani wao, walioshikilia kwamba ulimwengu ulianza wakati fulani huko nyuma. Hoyle hakuiamini hiyo ya pili hata chembe. Akitafuta maneno mepesi ya kuwachorea wasikilizaji picha yake, akaiita "Big Bang", yaani kishindo kikubwa, mshindo kama wa kitu kilichopasuka.

Wapo wanaosema alikuwa akiikejeli. Mwenyewe alikana baadaye, akasema redio haina picha na kwa hiyo alihitaji neno la kumfanya msikilizaji aone kwa sikio. Vyovyote iwavyo, aliyeipa nadharia hiyo jina si aliyeizaa, wala hakuwa rafiki yake. Ni mpinzani. Ni sawa na mtoto kupewa jina na jirani asiyesemezana na wazazi wake, kisha jina lile likaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Jina halikushika siku hiyo. Kwa miaka mingi wanasayansi wenyewe hawakulitumia sana. Lakini liliposhika, lilishika kwelikweli. Sisi Waswahili tukalipokea likiwa limeshaiva, tukalitafsiri "Mlipuko Mkuu", basi tukaendelea na safari. Leo ukimuuliza kijana wa shule ya upili ulimwengu ulianzaje, huenda akujibu bila kusita: palikuwa na utupu wenye giza, halafu kitu kikalipuka. Muulize kililipukia wapi. Muulize ni nini kilikuwa pembeni yake. Atanyamaza. Si kosa lake, kosa ni la jina.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba istilahi ya kisayansi si pambo. Inabeba picha, na picha hiyo ndiyo humfundisha mwanafunzi kabla mwalimu hajafungua kinywa. Anayetafsiri jina bila kuijua historia yake hurithi pia makosa ya jina hilo. Ili kulidhihirisha hilo, hebu tufuate historia ya maswali mawili makubwa: ulimwengu ulitoka wapi, na uhai ulitoka wapi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wengi waliamini kwamba ulimwengu mzima ni lile kundi moja la nyota ambalo jua letu ni mwanachama wake. Hapakuwa na futi wala rula ya kupimia masafa marefu zaidi. Rula hiyo ilipatikana kwa mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya kuhesabu na kupima picha za nyota katika kituo cha falaki cha Harvard, Marekani. Huyo ni Henrietta Leavitt. Mwaka 1912 alionyesha kwamba kuna aina ya nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpigo maalumu, na kadiri mpigo ulivyo mrefu ndivyo nyota ilivyo na mwanga mwingi kwa hakika. Maana yake ni kwamba ukipima mpigo utajua nguvu ya taa, na ukijua nguvu ya taa utajua iko mbali kiasi gani. Leavitt alifariki mwaka 1921 kabla ya kuona rula yake ikitumiwa kupasua dari ya ulimwengu.

Aliyeitumia ni Edwin Hubble. Akiwa na darubini kubwa ya Mount Wilson, California, aliona nyota ya aina hiyo ndani ya wingu la Andromeda, na hesabu zake zilizotangazwa mwanzoni mwa 1925 zikathibitisha kwamba wingu hilo si wingu. Ni galaksi nyingine, mbali kabisa na yetu. Kumbe ulimwengu ulikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani, tena mara nyingi mno.

Wakati huohuo, mtaalamu mwingine wa Marekani, Vesto Slipher, alikuwa amepima mwanga wa galaksi hizo na kukuta kwamba mwingi umeegemea upande wa rangi nyekundu. Unajua sauti ya ambulensi inavyokuwa nyembamba ikikujia na nzito ikikupita? Mwanga nao hubadilika kwa namna inayofanana na hiyo. Wekundu ule ulikuwa ishara kwamba galaksi nyingi zinatukimbia.

Aliyeunganisha mambo hayo alikuwa kasisi. Georges Lemaître, Mbelgiji aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kupewa upadri mwaka 1923, alikuwa pia bingwa wa hisabati. Mwaka 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida ambalo si wengi nje ya Ubelgiji walilisoma. Alitumia milinganyo ya Albert Einstein kuonyesha kwamba nafasi yenyewe inatanuka, na kwamba ndiyo sababu galaksi zinaachana. Einstein alipokutana naye mwaka huo alimwambia kwamba hesabu zake ni sawa ila fizikia yake haikubaliki kabisa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyoenda kwa kasi zaidi. Mwaka 1931 Lemaître akachukua hatua ambayo wengi waliiogopa: akasema kwamba ukirudisha filamu nyuma, vitu vyote hukaribiana mpaka unafika mahali pa mwanzo. Alikuita huko "atomu ya asili".

Zingatia hapo, msomaji. Katika hesabu za Lemaître nafasi haikulipuka. Ilitanuka. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo kiini cha jambo lote. Bomu hulipuka mahali fulani, vipande vikaruka kwenda mahali pengine palipokuwapo tayari. Ulimwengu haukuwa na "mahali pengine". Nafasi yenyewe ndiyo iliyonyooka na kuongezeka.

Picha iliyo karibu zaidi tunayo jikoni. Chukua donge la unga wa mahamri lililotiwa hamira na punje za iliki, ulifunike, uliache liumuke. Donge likiumuka, kila punje ya iliki huachana na zenziye. Ungekuwa wewe ndiwe punje, ungeziona nyingine zote zikikukimbia, na zile za mbali zikikukimbia kwa kasi zaidi. Ungedhani uko katikati. Punje ya jirani nayo ingedhani hivyohivyo. Wala hakuna punje iliyotembea. Ni unga uliotanuka. Mfano huu una kasoro moja tu: donge lina ukingo na limo ndani ya bakuli, ilhali ulimwengu hauhitaji bakuli. Hata hivyo, kwa kuumuka kwake humfikisha mwanafunzi karibu na ukweli kuliko baruti yoyote.

Kwa nini basi mtu mwenye akili kama Hoyle aikatae picha hiyo? Hakuwa mkaidi wa bure. Alikuwa na hoja nzito mkononi. Vipimo vya kwanza vya Hubble, vikigeuzwa kuwa umri, viliufanya ulimwengu kuwa na miaka isiyozidi bilioni 2. Wanajiolojia kwa upande wao walikuwa wakipima miamba na kupata kwamba dunia ina umri wa takriban bilioni 3. Itakuwaje mtoto amzidi mama yake umri? Kwa Hoyle na wenzake, nadharia yenye hesabu kama hizo ilifaa kutupwa. Tatizo hilo lilianza kutatuliwa mwaka 1952, Walter Baade alipoonyesha kwamba zile nyota za kupimia ziko za aina mbili na kwamba masafa yalikuwa yamekadiriwa kuwa mafupi mno. Mwaka 1956 Clair Patterson naye akatoa umri wa dunia unaokubalika hadi sasa, miaka bilioni 4.55. Ulimwengu, kwa vipimo vya karibuni vya setilaiti ya Planck, una miaka bilioni 13.8. Mama na mtoto wakapatana.

Lakini pigo lililoumaliza mjadala lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1948, Ralph Alpher na Robert Herman, waliofanya kazi na George Gamow, walikuwa wamepiga hesabu kwamba ikiwa ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali mno, basi masalio ya joto hilo yangali yametapakaa kila mahali, yakiwa yamepoa na kubaki nyuzi chache tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Hakuna aliyehangaika kuyatafuta. Miaka 16 baadaye, watafiti wawili wa maabara za Bell huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakijaribu antena kubwa na wakasumbuliwa na mvumo usiokatika. Walielekeza antena huku na huku, mvumo ukabaki. Usiku na mchana, masika na kiangazi, mvumo uleule. Wakawashuku njiwa waliojenga kiota humo, wakawahamisha na kuosha kinyesi chao. Wapi! Mvumo haukuondoka.

Kwa bahati, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, si mbali na hapo, lilikuwa likitengeneza kifaa cha kutafuta masalio hayohayo. Simu ilipopigwa, fumbo likafumbuka. Mwaka 1965 matokeo yalichapishwa. Ule mvumo ulikuwa mwanga wa kale kuliko wote tunaoweza kuupokea, uliotoka ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Walio na umri wa kukumbuka televisheni za zamani, kabla Kenya haijahamia mfumo wa dijitali mwaka 2015, watakumbuka ile theluji iliyojaa kwenye skrini kituo kilipofunga matangazo. Sehemu ndogo ya theluji ile ilikuwa masalio hayo. Tulikuwa tukiutazama mwanzo wa ulimwengu sebuleni bila kujua, tukingoja taarifa ya habari.

Lemaître aliletewa habari hizo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 20, 1966. Ni vyema tukumbuke jambo jingine juu yake. Mwaka 1951, Papa Pius wa Kumi na Mbili alitoa hotuba iliyoelekea kusema kwamba sayansi sasa imethibitisha uumbaji. Ungetarajia kasisi afurahi. Hakufurahi. Kwake, nadharia yake ilikuwa suala la fizikia lililopaswa kusimama au kuanguka kwa vipimo, na imani yake haikuhitaji kuegemezwa kwenye vipimo ambavyo huenda kesho vikarekebishwa. Wanaotaka kila mara kuzigonganisha dini na sayansi wangefaidika kwa kusoma maisha ya padri huyu.

Turudi kwenye jina. Mwaka 1993, jarida la falaki la Marekani liitwalo Sky & Telescope lilitangaza shindano la kutafuta jina bora kuliko Big Bang, kwa sababu wengi walikubali kwamba lilikuwa likipotosha. Mapendekezo zaidi ya 13,000 yalipokelewa. Waamuzi, mmoja wao akiwa mwanafalaki Carl Sagan, waliyapitia yote na hawakuchagua hata moja. Jina la Hoyle lilikuwa limeota mizizi. Mwaka 2018, hata hivyo, Muungano wa Kimataifa wa Falaki ulipiga kura kupendekeza kwamba kanuni ya kutanuka kwa ulimwengu, iliyokuwa ikiitwa ya Hubble peke yake, iitwe ya Hubble na Lemaître. Ilichukua zaidi ya miaka 90 haki ya kasisi kutambuliwa, lakini ilitambuliwa. Majina hubadilika, wenyewe wakitaka.

Sasa tuliendee swali la pili, na hapa Hoyle anarudi tena jukwaani, safari hii akiwa shujaa. Dakika za mwanzo za ulimwengu zilizalisha vitu viwili kwa wingi: haidrojeni, takriban robo tatu ya uzito wote, na heli, takriban robo. Hakukuwa na kaboni, oksijeni wala chuma. Kwa viungo hivyo viwili huwezi kupika jani wala jicho. Hoyle aliuliza: basi vingine vilitoka wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba vilipikwa ndani ya nyota. Mwaka 1953 alikwenda California na kuwaambia wanafizikia wa huko kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na kiwango fulani maalumu cha nishati, kwa kuwa bila hicho viini vitatu vya heli visingeweza kuungana kuwa kaboni kwa wingi unaotosha, nasi tusingekuwapo kulijadili hilo. Walimtilia shaka. Walipopima, walikikuta kiwango hicho karibu kabisa na alipokitaja.

Mwaka 1957 Hoyle, pamoja na Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge na William Fowler, walichapisha makala marefu yaliyoeleza jinsi elementi nyingi zinavyoundwa katika nyota na kutawanywa nyota hizo zinapokufa. Chuma kilicho katika damu yako na kalisiamu iliyo katika mifupa yako vilipitia tanuri hizo kabla jua letu halijawaka. Fowler alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Hoyle hakupewa. Alifariki mwaka 2001 bado akikataa kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, huku dunia nzima ikiuita mwanzo huo kwa jina alilolitoa yeye.

Baada ya viungo kupatikana, chakula kilipikwaje? Hapa Kiswahili kina utajiri ambao tunausahau. Kiingereza kina neno moja pale ambapo sisi tuna matatu. Uhai ni ile hali ya kuwa hai, inayomtenganisha kuku na jiwe. Maisha ni muda na namna ya kuishi: tunasema maisha magumu, maisha ya mjini, wala hatusemi uhai wa mjini. Uzima ni ukamilifu na afya. Mtu husemwa ni mzima akiwa hana maradhi. Mwanasayansi wa maabara anaulizia chanzo cha uhai. Maana ya maisha si swali lake, na uzima ni wa daktari, na wakati mwingine wa padri na sheikh. Mabishano mengi yanayopigwa duniani juu ya suala hili hutokana na kuyachanganya maswali hayo matatu chini ya neno moja. Sisi lugha yetu imeshatutenganishia. Tuutumie mgawo huo.

Vilevile tusichanganye chanzo cha uhai na mageuko ya viumbe. Charles Darwin katika kitabu chake cha 1859 alieleza viumbe hai vinavyobadilika kizazi kwa kizazi. Hakueleza kiumbe cha kwanza kilitokeaje. Ni katika barua aliyomwandikia rafiki yake Joseph Hooker mwaka 1871 ndipo alipojaribu kuwazia kidimbwi kidogo chenye maji vuguvugu na chumvi za kila aina, ambamo kemikali zingeweza kuungana. Wakati huo Louis Pasteur alikuwa ameonyesha kwa majaribio yake kwamba vijidudu havizuki tu ndani ya mchuzi uliochemshwa na kukingwa. Kilicho hai hutoka kwa kilicho hai. Sawa, lakini cha kwanza je?

Mwaka 1924 Alexander Oparin wa Urusi, na mwaka 1929 J. B. S. Haldane wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba dunia changa ilikuwa na hewa isiyo na oksijeni, na kwamba katika hali hiyo kemikali za uhai zingeweza kujiunda na kulimbikizana majini. Lilikuwa wazo tu hadi mwaka 1953, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Stanley Miller, alipoliweka mezani. Alitia maji, methani, amonia na haidrojeni ndani ya mitungi ya kioo iliyounganishwa, akayachemsha maji na kupitisha cheche za umeme mfano wa radi. Maji yalianza kubadilika rangi, yakawa mekundu. Baada ya wiki moja alikuta humo asidi amino, matofali yanayojengea protini. Msimamizi wake, Harold Urey, aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel, aliliondoa jina lake kwenye makala hayo ili sifa imwendee mwanafunzi. Ni adabu ambayo vyuo vingi leo vingefaa kuiiga.

Jaribio hilo halikuumba uhai, na anayesema liliumba anapotosha. Tena wataalamu wengi leo wanaona kwamba hewa ya dunia changa huenda haikuwa kama ile ya mitungi ya Miller. Ila lilithibitisha kwamba matofali hayo hujitengeneza bila fundi wa ajabu. Septemba 1969 kimondo kilianguka karibu na mji wa Murchison, Australia, na ndani yake zikapatikana asidi amino. Kumbe hata angani matofali yanafyatuliwa.

Lakini rundo la matofali si nyumba. Chembe hai inahitaji maagizo yanayoweza kunakiliwa, na inahitaji vifaa vya kuyanakili. Maagizo huhitaji vifaa, navyo vifaa hutengenezwa kwa maagizo. Ni lile fumbo letu la kuku na yai. Katika miaka ya 1980, Thomas Cech na Sidney Altman waligundua kwamba molekuli iitwayo RNA inaweza kubeba maagizo na pia kufanya kazi ya kifaa. Walipewa Nobel mwaka 1989. Wengi wanaamini kwamba huko ndiko kuku na yai walikuwa kitu kimoja. Tunachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba miamba ya Pilbara, magharibi mwa Australia, ina alama za makoloni ya vijidudu zenye umri wa karibu miaka bilioni 3.5. Uhai haukuchelewa kufika.

Kwa mshangao wa wengi, swali hili lina tawi linalofika hapa kwetu Kajiado. RNA haiwezi kujengwa bila fosfeti, na fosfeti ni adimu majini kwa sababu kalisiamu huikamata na kuizamisha kuwa mwamba. Mwishoni mwa 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Jonathan Toner na David Catling, walionyesha kwamba katika maziwa yenye kaboneti nyingi hali ni tofauti: kaboneti huitangulia fosfeti kuikamata kalisiamu, na fosfeti hubaki huru ikilimbikizana kwa kiwango kinachoishinda ile ya baharini maelfu ya mara. Miongoni mwa mifano ya maziwa ya namna hiyo ni Ziwa Magadi. Si kwamba uhai ulianzia Magadi. Ziwa hilo ni changa mno kwa hilo. Ni kwamba kile kidimbwi cha Darwin huenda kilifanana zaidi na Magadi kuliko na bahari. Neno magadi tunalijua tangu utotoni kwa kuwa ndilo hulainisha kunde na mboga za kienyeji sufuriani. Mwalimu anayetafuta mlango wa kumwingiza mwanafunzi katika kemia ya chanzo cha uhai, mlango anao jikoni kwa mama yake.

Wengine watasema Kiswahili hakina mahali katika sayansi hizi. Historia inawakanusha. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ilisaidia kutambua shimo jeusi katika Cygnus X-1, na ikaonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na hadi leo wanafalaki wa Marekani, Ujapani na Ujerumani huvitaja vyanzo hivyo kwa herufi 4U. Hiyo U ni ya Uhuru. Neno letu liko katika ramani ya mbingu.

Wahenga nao walikuwa wamelianza zamani. Kundi la nyota linaloonekana majira ya kilimo waliliita Kilimia, kutokana na kulima, wakaongeza kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hawakuuliza Mwarabu au Mzungu analiitaje. Walitazama linawafaa nini, wakalipa jina. Huo ndio uundaji wa istilahi ninaoutetea: tutafsiri kitu, tusitafsiri neno.

Kwa mintarafu hiyo, pendekezo langu kwa wanaistilahi, wahariri na walimu ni kwamba tuanze kusema Mtanuko Mkuu. Neno mtanuko tayari tunalo katika fizikia, tunalitumia kwa chuma kinapopashwa moto. Wazungumzaji wa Kiingereza walijaribu kubadilisha jina wakashindwa kwa sababu kwao lilikuwa limeganda. Kwetu sisi bado ni bichi. Vitabu vingi vya sayansi kwa Kiswahili vingali havijaandikwa. Na kama wengi wataona Mlipuko Mkuu limeshazoeleka, basi angalau mwalimu akilitamka aongeze sentensi moja: kwamba hakuna kilicholipuka, na kwamba aliyelitunga jina hilo hakuamini hata siku moja kwamba tukio lenyewe lilitokea.